Wanataka majina yetu ndipo watupe pesa

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma kila wiki. Kuna siku ulimjibu mama mmoja aliyemfukuza mwanawe kwa sababu kama zetu, na jibu lile nimelihifadhi kwenye simu mpaka leo. Ndilo lililonipa moyo wa kuandika.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, naishi na kufanya kazi Temeke. Ni mwanaume ninayependa wanaume. Nimejijua hivyo tangu shule ya msingi na sina tena nguvu ya kubishana na nafsi yangu. Dada yangu mkubwa anajua. Mama hajui, au anajua na hajawahi kusema.

Tuna kikundi chetu cha watu 14. Wengi ni vijana wa kiume kama mimi, wapo dada watatu wanaopenda wanawake wenzao, na wapo wawili waliozaliwa wakaitwa wavulana ila wanaishi kama wanawake. Kuna msusi, kuna anayepika kwa mama lishe, kuna dereva wa bajaji, wawili wanauza mitumba Karume, waliobaki wanashika hiki na kile. Tulianza na mchezo wa kawaida: kila Jumapili shilingi 5,000, anayefikiwa zamu anabeba. Halafu mwenzetu mmoja akapigwa usiku Tandika, ikabidi tuombane mia tano mia tano usiku uleule ili ipatikane nauli ya kumfikisha hospitali na hela ya kushonwa jeraha. Tangu hapo kila mtu anaongeza 2,000 kwa wiki ya mfuko wa dharura. Mweka hazina ni mimi. Daftari liko kwangu, pesa iko kwenye simu yangu.

Mfuko huo umetufaa. Umelipa kodi ya mtu aliyefukuzwa. Umewatoa wenzetu wawili kituoni. Mwaka jana umetuzikia mtu, ingawa hatukuruhusiwa kumzika. Alipokuwa wodini ni sisi tuliomwogesha na kumlisha. Alipofariki ndugu zake wakaja kutoka mkoani, na tulipofika msibani mjomba wake akasimama mlangoni akasema waliomharibu mtoto wao hawakanyagi pale. Tulisimama ng'ambo ya barabara mpaka jeneza likatoka. Rambirambi tulimpa jirani akaitoa kwa jina lake.

Sasa Shangazi, amekuja kaka mmoja tunayemfahamu kwa mbali. Anasema ana wafadhili nje ya nchi. Watatupa cherehani nne, mtaji wa saluni, na watatulipia ofisi. Masharti yake ni tusajiliwe kama asasi ya watu wa aina yetu, tumpe orodha ya majina kamili, namba za NIDA za kitambulisho cha taifa, namba za simu na picha, tumwandikie nani ni nani, nani ana virusi na nani hana. Halafu kila mmoja arekodiwe video akieleza alivyoteswa. Anasema sura zitafunikwa. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kikundi kimepasuka. Vijana wanasema nazuia riziki yao. Dada mmoja amesema jina lake likitoka anaondoka. Na nimesikia wengine wananong'ona kwamba mweka hazina anaogopa kukaguliwa, jambo lililoniuma kuliko yote.

Kuna na Dogo. Ana miaka 22, analala sakafuni kwangu tangu mwenye nyumba amtoe nje na kodi yake haijaisha. Anatumia dawa za kufubaza virusi. Mara ya mwisho alipokwenda kliniki, mhudumu alimwita mwenzake aje amtazame, akamuuliza kwa sauti mbele ya foleni yeye ni mume au mke. Hajarudi tena. Dawa zimemwishia.

Na mimi mwenyewe silali. Pikipiki ikisimama nje usiku moyo unaruka. Simu ikiita najua ni mwenzetu amepatwa na jambo, na pesa iko kwangu. Hata Ijumaa siendi tena msikitini. Sina wa kumweleza, maana wote wananieleza mimi.

Tukubali au tukatae? Na Dogo nimfanyeje?

Mweka Hazina, Temeke

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na Dogo, kwa kuwa mwili wake hausubiri kikao.

Kesho asubuhi arudi kwenye dawa. Si lazima arudi pale alipodhalilishwa. Dawa hizi ni bure katika vituo vya serikali, na Dar es Salaam hatuna uhaba wa kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wanaoishi na virusi: hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Amana na Mwananyamala zote zinazo, na vituo vya afya vingi pia. Achukue kadi yake ya CTC, aende kituo kingine, aseme wazi kwamba dawa zimemwishia na anaomba kuhamia hapo. Aombe apewe za kuanzia wakati karatasi za uhamisho zinashughulikiwa. Akiulizwa kwa nini anahama, kusema amehama makazi kunatosha, na kwake ni kweli.

Asiende peke yake. Mmoja wa wale dada watatu afuatane naye, akae naye kwenye benchi, aingie naye kama ndugu. Mhudumu mwenye ulimi mbaya huwa mpole akiona mgonjwa ana mtu. Na akifika aulize kama pana WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na virusi mwenyewe na amewekwa pale kuwashika mkono wenzake. Hao wengi wamepitia mengi, hawashangai haraka.

Nilivaa sare ya uuguzi miaka mingi, kwa hiyo nasema hili bila kumung'unya: aliyemwita mwenzake aje kumtazama mgonjwa amevunja miiko ya kazi yake. Tena sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inawafunga watoa huduma kutunza siri za wanaoishi na virusi na inakataza kuwabagua. Malalamiko yatapelekwa Dogo akishapata dawa na akitaka mwenyewe. Kwanza dawa. Siku hizi wengi wanatumia kidonge kimoja kwa siku, na mtu akitulia kwenye tiba hupewa dawa za miezi mitatu au hata sita, kwa hiyo hatalazimika kupita dirishani kila mwezi. Akimeza bila kuruka mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mwambie hilo kwa maneno hayohayo. Vijana wengi wanaacha dawa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mbele yao kuna maisha marefu na mapenzi pia.

Wasio na virusi nao wajue kuna dawa kinga za kumeza kabla ya hatari, na kuna za dharura kwa aliyebakwa au aliyepata hatari, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Mwenzenu akipatwa na jambo usiku wa Jumamosi, msingoje hata Jumatatu.

Sasa hayo majina.

Msitoe. Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta namna ya kulisema kwa upole zaidi, sijaiona. Msitoe orodha, msitoe namba za NIDA, msitoe hali ya afya ya mtu yeyote, na msirekodiwe.

Mimi nilikuwa mji huu Oktoba 2018, wakati mkuu wa mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wampelekee majina. Tarehe 4 Novemba serikali kupitia Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Lakini kabla ya tamko na hata baada yake watu walihama vyumba usiku, walizima simu, na wapo walioacha kwenda kuchukua dawa. Wengine kati yenu mlikuwa watu wazima wakati huo, mnakumbuka. Orodha ikishaandikwa inaishi kuliko nia ya aliyeiandika. Huyo kaka anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na kesho simu yake ikaibiwa Kariakoo.

Na sheria bado ipo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Kifungu cha 157 kinatoa hadi miaka mitano kwa kile kinachoitwa aibu kubwa baina ya wanaume. Mzizi wake ni kanuni waliyoiweka Waingereza mwaka 1930, na adhabu zikakazwa mwaka 1998. Botswana walikuwa na vifungu vya aina hiyo, Mahakama Kuu yao ikaviondoa Juni 2019 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Novemba 2021. Msumbiji na Angola walibadili sheria zao bungeni. Uganda mwaka 2023 wakaenda upande mwingine kabisa. Sisi tuko hapa tulipo, na mipango yenu lazima ifanywe ndani ya sheria iliyopo leo. Kuwa na kikundi cha akiba si kosa. Kuwa ulivyo si kosa. Kinachoadhibiwa ni tendo. Lakini mtu akikaa mbele ya kamera akaeleza maisha yake ya kitandani, ametengeneza mwenyewe ushahidi uliokuwa haupo.

Kufunika sura ni kitu kidogo. Sauti inabaki, mkono wenye kovu unabaki, ukuta wa chumba na cherehani yako vinabaki. Tena picha halisi isiyofunikwa lazima iwe imehifadhiwa mahali na mtu fulani.

Mfadhili wa kweli anayejua kazi hii haulizi nani ana virusi. Anauliza mnafanya nini, hesabu zenu zikoje, mnaamuaje mambo. Anakubali watu waandikwe kwa namba badala ya majina. Anaeleza kwa maandishi taarifa zitakaa wapi, nani ataziona, na mtu akibadili mawazo zitafutwaje. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu si za kuokotwa na mpita njia. Kwa hiyo mjibuni huyo kaka kwa adabu na kwa ufupi: sisi ni kikundi cha kuweka akiba, hatutoi taarifa za wanachama, kama wafadhili wako wanataka kusaidia biashara zetu, watuandikie wenyewe wakijitambulisha, tuone mkataba, tujue pesa inapita kwa nani na wewe unalipwa nini. Akikasirika kwa jibu hilo, kasirani hiyo imewaeleza mengi kumhusu.

Usiwadharau vijana wanaokulaumu, mwanangu. Cherehani nne ni kitu kikubwa kwa mtu asiye na kitu. Ukikataa pesa ya mgeni bila kuwaonyesha pesa nyingine itatoka wapi, watakuwa na haki ya kununa. Basi chukueni kalamu kwenye kikao mpige hesabu. Watu 14 kwa shilingi 5,000 ni 70,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 3,640,000. Hiyo pesa mnayo sasa hivi. Tatizo ni kwamba kwenye mchezo inapita tu: anayefikiwa anabeba 70,000, inalipa deni la dukani, imekwisha. Ugeuzeni mchezo uwe kikoba. Kila wiki mtu ananunua hisa, fedha zinalala pamoja, mwanachama anakopa kwa riba mliyokubaliana, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana akiba pamoja na faida. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, wengi wao hawajui kusoma, na leo ukienda Mbagala au Manzese utakuta vikoba kila mtaa. Baada ya wiki nane mna 560,000 mkononi. Msusi akopeshwe wa kwanza, au fundi, aanze kurudisha. Hakuna atakayemuuliza analala na nani.

Kuna jambo jingine la kuwakumbusha vijana. Februari 2017 serikali ilisitisha huduma za virusi kwenye vituo 40 binafsi vilivyokuwa vikiwapokea watu wa makundi kama yenu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake nje, na sehemu nyingi zilizokuwa zikitegemea mkono huo zikafunga milango ndani ya siku chache. Mara zote mbili waliokuwa na wenzao wa kuwapigia simu walipata pa kushika. Sisemi pesa ya nje ni haramu. Ikija njema, ipokeeni iongeze kilichopo. Lakini kikundi chenu kilimpeleka mtu hospitali usiku kwa mia tano mia tano. Kikundi chenye uwezo huo hakiwezi kuvunjwa na kuundwa upya kwa sababu ya cherehani nne.

Kuhusu kusajiliwa, jiandikisheni kwa mnachokifanya, si kwa mlivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya akiba kujiandikisha kupitia halmashauri, na ninyi ni mafundi, wasusi, wapishi na wauza mitumba wanaoweka akiba. Huo ni ukweli mtupu. Mkisajiliwa na mna biashara, hata ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mnaweza kuiomba kama wakazi wengine wa jiji. Ni kodi yenu pia. Ila usajili nao unahitaji majina, kwa hiyo mkubaliane taratibu, asisukumwe mtu. Kuhusu asasi yenye jina la watu wa aina yenu, mjue kwamba Aprili 2019 asasi kadhaa zilifutwa usajili, nyingine zikituhumiwa kueneza mapenzi ya jinsia moja. Kwa leo siwashauri.

Daftari lako nalo lifanyie usafi. Watu waandikwe kwa namba. Penye matumizi andika "kodi", "matibabu", "nauli", usiongeze neno. Na pesa itoke kwenye simu yako. Kikoba cha sanduku kina kufuli tatu na watunza funguo watatu, na siku hizi kampuni za simu zina akaunti za vikundi ambazo pesa haitoki mpaka viongozi wengine wathibitishe. Mnong'ono kwamba unaogopa kukaguliwa utaisha siku hiyo bila wewe kujitetea. Kikao kijacho soma hesabu zote kwa sauti, tangu mwanzo.

Umeandika kwa kupita tu kwamba mfuko uliwatoa wenzenu kituoni, nami nadhani najua maana yake. Dhamana ya polisi haina bei, mwanangu. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na asipopewa dhamana anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Asisaini maelezo ambayo hajayasoma. Akitakiwa kupimwa sehemu ya haja kubwa aseme hakubali, na aombe kukataa kwake kuandikwe. Chama cha Madaktari Duniani kiliulaani upimaji huo mwaka 2017 kwa sababu hauthibitishi lolote na ni mateso. Najua kinachotokea kituoni usiku si lazima kifanane na kilichoandikwa. Ndiyo maana mnahitaji msaidizi wa kisheria mmoja mnayemjua kwa sura kabla ya shida. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wanaotambulika rasmi, na huduma yao ni bure. Namba yake kila mtu aihifadhi kichwani, kwa kuwa simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Yule mliyezuiwa kumzika, naomba nikae hapo kidogo. Kusimama ng'ambo ya barabara ukimtazama mtu uliyemwogesha anabebwa na wengine ni jeraha, na nadhani kikundi chenu hakijalia bado. Lieni. Tengeni Jumapili moja, msizungumze pesa. Msomeeni dua, na wasio Waislamu wasali kwa namna yao, pikeni, kila mmoja amtaje marehemu kwa jambo alilomfanyia. Hakuna anayehitaji ruhusa ya mjomba kwa hilo, wala hamjachelewa. Na kwa walio hai, kila mmoja amtafute ndugu mmoja, mmoja tu, shangazi au binamu au dada, ambaye siku ya msiba atasema hawa ni watu wake, waacheni wapite. Wewe unaye dada yako. Wengine itawachukua muda mrefu, na wapo watakaokosa kabisa. Hao muandikane ninyi kwa ninyi kama ndugu.

Nimebakiwa na wewe.

Kutolala kwako si udhaifu, wala si adhabu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo akikwambia mtu kwamba unaumwa kwa kuwa unapenda wanaume, hajui. Lakini mzigo wa kujificha unaumiza mwili kweli. Mtafiti Ilan Meyer aliandika mwaka 2003 jinsi watu wa makundi yanayobaguliwa wanavyobeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila mtu: kutegemea kukataliwa kila saa, kuchunga maneno, kuanza kuyaamini matusi. Moyo unaoruka pikipiki ikisimama ndio huo. Na alieleza pia kwamba kuwa na wenzako kunapunguza uzito huo. Wenzako unao. Kasoro ni kwamba umejiweka uwe bega la wote, na wewe hujapewa bega.

Nenda hospitali. Muhimbili pana idara ya afya ya akili, na hospitali za mkoa zinahudumia pia. Huna wajibu wa kueleza maisha yako yote siku ya kwanza. Sema silali, nashtuka, nimechoka, inatosha kuanzia. Likikujia wazo la kutamani usiwepo, mwambie dada yako siku hiyohiyo, usilale nalo. Na Ijumaa rudi kuswali. Temeke ina misikiti mingi, kama pale ulipozoea maneno yanakuchoma chagua pengine, kaa safu ya nyuma. Sala yako ni yako na Mola wako, hakuna aliyepewa kazi ya kusimama mlangoni.

Simu za usiku zigawaneni kwa zamu za wiki, watu wawili wawili. Dogo akishatulia kwenye dawa, mfuko umsaidie kuchangia chumba na mwenzake mmoja, maana kodi ya miezi sita kwa mtu mmoja itamshinda. Mwenye nyumba wa zamani anadaiwa miezi iliyobaki; dada yenu mmoja mwenye ulimi laini akaidai kabla Dogo hajaonekana pale.

Kikao kijacho, kabla hamjafika kwenye habari ya huyo kaka na wafadhili wake, chagueni mweka hazina msaidizi. Napendekeza awe yule dada aliyekataa kutoa jina lake, kwa kuwa anajua siri ni kitu gani. Daftari aondoke nalo yeye siku hiyohiyo.

Shangazi